Damu Yenye Maziwa

Jumatatu, 3 Machi

Mirija mingine tena. Nimeshinda nyuma ya mlango wa maabara nikizungusha damu ya watu nisiowaona. Wanatolewa damu kule mbele. Kwangu hufika namba tu. Tunatafuta saratani ya koo kabla mtu hajashindwa kumeza. Kila seli hutema vifuko vidogo mno kwenye damu, na seli ya saratani hutema vya kwake, vina alama zake juu. Tukiziona alama hizo, mtu anaitwa aangaliwe koo kwa kamera. Kazi nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama Daktari wa mradi angejifunza kusalimia.

Alhamisi, 6 Machi

Hasira. Damu ya akina mama wa kwetu, upande wa Chepilat, imefika na weupe juu kama maziwa. Mafuta. Chembe zake zinalingana na vile vifuko kwa ukubwa, zinatuvurugia kila kitu. Waliambiwa waje bila kutia chochote tumboni. Nesi anasema mmoja wao alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha; foleni ilikuwa na baridi, akakipitisha kwa wenzake. Na kwetu nani hukataa mursik akikaribishwa? Nimeitupa damu yote. Ndiyo sheria. Nimewalaani, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Daktari tuwaite warudie. Hataki. Eti sampuli zinatosha. Nikamkumbusha kwamba waliahidiwa kupigiwa simu tukiona kitu.

"Basi hatujaona kitu," akasema.

Mkubwa hakosei.

Jumapili, 27 Aprili

Nyumbani. Mama hali ugali. Ni mursik tu, na wageni wa kanisa wanamsifu: huyu ndiye mama wa zamani, chakula chake ni maziwa. Wajinga. Sketi ameibana kwa pini. Chai haigusi, mtu aliyezoea kuinywa ikitokota, akitucheka sisi tunaopuliza! Nimemwuliza kama koo linamsumbua. Amekataa katakata.

Jumatatu, 28 Aprili

Amesema mwenyewe, akichambua mboga za managu.

"Chebet, mimi nilishapimwa. Mwezi wa tatu, na akina mama wa hapa. Sikutaka ujue uanze kulia. Walisema wakiona kitu watapiga simu. Si wamenyamaza?"

Chakula kilianza kumkwama tangu Krismasi. Simu haikulia, akamshukuru Mungu, akapeleka sadaka.

Nikamwuliza nani alibeba kibuyu siku ile. Ni yeye. Amelisema kwa fahari, eti wenzake walikuwa wanatetemeka.

Nilitoka nje nikasimama kwenye shamba la majani chai hadi miguu ikalowa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempeleka hospitali nyingine. Kamera. Uvimbe upo, njia imebaki nyembamba. Daktari wa huko, kijana mpole, ameuliza mbona tumechelewa.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia Daktari wetu, mbele ya watu, ile damu ilikuwa ya nani. Amesema pole. Kisha akasema kipimo bado ni cha majaribio, huenda hata damu safi isingeonyesha kitu. Huenda ni kweli. Namchukia zaidi kwa sababu huenda ni kweli.

Nesi amenipa namba za simu za wale wengine. Nimewapigia mmoja mmoja: rudini, na safari hii mje na njaa. Hakuna aliyethubutu kunizuia.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Mama amewekewa kibomba kooni, vitu laini vinapita. Ameniuliza kama damu yake ilisaidia watu. Nimesema ndiyo. Habari ya kibuyu sijamwambia, na sitamwambia.

Jioni nimemmiminia chai ikitokota, kwa mazoea. Amekishika kikombe muda mrefu. Kisha akaanza kupuliza.