Kukaza kwa Upole

Jumamosi, Mwingi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la malori ya Garissa, na wingu hakuna hata la kudanganya watu. Na bado naandika haya nikiwa nimejifunga kikoi cha kuazima, kwa sababu suruali yangu imelowa hadi mifukoni na imeanikwa kwenye ukuta wa gesti ya watu.

Nieleze.

Mimi hufundisha ufundi wa bomba katika chuo kidogo kule Kanyangi. Chuo chetu hakina maji. Nimelizoea jambo hilo kiasi kwamba sikuwahi kuliona kuwa na ubaya. Nyuma ya karakana tuna ukuta wa mazoezi. Wanafunzi hufunga hapo mabomba, elbo za kwenye kona, koki na sinki, halafu mtahini anakuja na pimamaji yake, anaangalia kama kila bomba limenyooka, anaridhika, anakunywa chai na kwenda zake. Baada ya hapo tunafungua kila kitu ili darasa linalofuata nalo lipate la kufunga. Maji ya hiyo chai huletwa na punda.

Wanafunzi wangu hufaulu sana. Nimejisifu kwa hilo mbele ya wazazi, kanisani, na hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Shida ni kwamba wakishafaulu hakuna anayewaita. Mutheu, aliyeongoza darasa la mwaka jana, tangu amalize amekuwa akikaa kwenye kibanda cha mama yake sokoni Kanyangi akipanga nyanya. Wakati huohuo huku Mwingi watu wanajenga kila kona na wanalia kwamba mafundi hakuna. Mama Halima, mwenye hii gesti, alikuwa akiagiza mafundi kutoka Nairobi. Wanakula, wanalala, wanafanya kazi nusu, halafu wanapata matanga ya ghafla na hawarudi tena.

Basi mwezi uliopita nilimwendea Mama Halima nikamwomba awajaribu vijana wetu. Akakubali kwa sharti. Mutheu na wenzake wawili wafunge mabomba ya jengo lake jipya. Maji yakipita vizuri, Mutheu atapata kazi ya kudumu hapa, kuangalia jengo hili na lile lingine linaloinuka karibu na soko la mifugo. Yakikataa, Mama Halima anarudi kwa mafundi wake wa Nairobi, na Mutheu anarudi kwenye nyanya.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kufungulia maji. Nilivaa tai.

Kazi ilikuwa ya kupendeza, sitadanganya. Mabomba yamenyooka, koki zote zinaangalia upande mmoja. Mama Halima alipitisha kidole juu ya bomba la jikoni akasema, "Hii imenyooka kushinda ukuta." Wafanyabiashara wa mbuzi wanaolala hapa walikuwa wamejazana uani na mifugo yao, nami nikaona nisipoteze hadhira. Nikasimama chini ya bomba kubwa linaloshuka kutoka kwenye tangi, nikaanza kuhutubia juu ya ubora. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema vijana wetu wanaweza, ndipo Mutheu akafungua koki ya tangi kule juu.

Kwanza nilisikia sauti ndogo kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto. Halafu tone likanipata shingoni. Nikaendelea, kwa sababu mwalimu hakatizwi na tone. Halafu kila ungio la mabomba ya jengo lile likaanza kumwaga maji kwa pamoja, juu, chini, bafuni, jikoni, na lile lililokuwa juu ya kichwa changu likaachia kabisa.

Waliofurahi ni mbuzi. Walinijia wakaanza kunywa miguuni pangu. Mzee mmoja mwenye mbuzi hao akasema kwa utulivu, "Mwalimu, wewe endelea tu kuongea. Bado hawajashiba."

Mutheu akafunga koki ya tangi, akashuka. Mama Halima akavua viatu, akavuka yale maji, akashika elbo moja kwa vidole viwili na kuizungusha. Ikazunguka.

"Hii hamjakaza," akasema.

"Tumekaza, mama," Mutheu akajibu. "Lakini kwa upole. Mwalimu alisema tukaze kwa upole ndio isisumbue wakati wa kufungua. Na tepu tuzungushe mara moja tu, isiishe."

Macho yote yakanigeukia.

Ni kweli, nilisema hivyo, na nimesema kila muhula. Vifaa vyetu vya chuo ni hivyo hivyo vya miaka yote. Ukikaza sana unaharibu meno ya bomba, na darasa linalofuata litafunga nini? Hata ile tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja tunaigawana kama sakramenti. Nilimweleza Mama Halima hayo yote nikiwa nachuruzika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, Mwalimu. Na hapa kwangu mlikuwa mnapanga kufungua lini?"

Yule mzee wa mbuzi alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Mimi nilikuwa namwangalia Mutheu. Hakulia wala hakunilaumu. Alikuwa ameanza kukusanya spana zake na kuzirudisha kwenye mfuko, moja moja, tayari kwa safari ya Kanyangi. Niliona aibu kwelikweli. Msichana alifanya kila nilichomfundisha bila kukosea hata mahali pamoja, na hicho ndicho kilichomponza.

Nikamwomba Mama Halima atupe nafasi ya pili. Akaangalia jengo, akaangalia mbuzi. "Mpaka adhana ya alasiri," akasema.

Tukafungua kila kitu, mimi, Mutheu na wale wenzake wawili. Angalau kufungua kulikuwa rahisi, kama nilivyokuwa nimepanga.

Tukazungusha tepu bila ubahili na kuanza kukaza upya. Nilipanda ngazi mwenyewe, na huko juu nikagundua kwamba ugonjwa wangu ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Mkono ukifika pale ulipozoea kuachia, unaachia. Najiambia kaza, mkono unakataa, unafikiria darasa linalofuata. Mutheu alinivumilia kidogo, halafu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nipe hiyo spana. Wewe shuka unishikie ngazi."

Nikashika ngazi. Akakaza mpaka bomba likalia, nami nikafumba macho. Kisha akaomba tishu jikoni, akafunga kipande kwenye kila ungio ili tuone pa kulowa. Hilo sikumfundisha mimi. Kwenye ukuta wetu lingekuwa la kazi gani?

Adhana ilipoanza, tukafungulia maji. Safari hii hakuna aliyehutubu. Tulipita chumba kwa chumba tukigusa tishu. Zilikuwa kavu. Moja ya jikoni ikaanza kulowa, Mutheu akakaza tena, akabadilisha tishu, tukangoja, ikabaki kavu. Mama Halima akaingia bafuni, akafungua bomba, akatia udhu hapohapo na kwenda kuswali. Sijawahi kungoja sala ya mtu imalizike kwa hamu namna hiyo, na mimi ni mtu wa kanisa.

Aliporudi alimwangalia Mutheu kwanza.

"Wewe unabaki. Jumatatu tunaanza ile jengo ya pili."

Mutheu akakaa chini kando ya ngazi, akajifunika uso kwa leso. Hapo ndipo alipolia. Nami macho yalinilowa, lakini nani angejua, nilivyokuwa nimelowa mwili mzima.

"Na wewe, Mwalimu," Mama Halima akaendelea. "Shule si mmefunga?"

"Tumefunga, mama."

"Basi kuja hapa ufanye atachimenti, ujifunze kazi kama mwanafunzi. Utakuwa chini ya huyu. Wale wengine utawafunza nini, na bomba yako haijawahi kupita maji?"

Nilitaka kumkumbusha kuhusu vyeti vyangu. Nikatazama suruali yangu. Nikasema asante.

Sasa ni jioni, na nina mengi ya kujiuliza. Nimefundisha wangapi kukaza kwa upole, na wanapanga nyanya za nani? Muhula ujao lazima tangi liwekwe juu ya ule ukuta wetu, hata kama nitalijaza kwa jagi. Mtahini akija, naye alowe kidogo.

Simu yangu imelia sasa hivi. Ni ujumbe wa Mutheu: "Mwalimu, Jumatatu ni saa moja asubuhi. Tafadhali usichelewe."

Nimeandika, "Sawa." Nikaifuta.

Nikaandika, "Sawa, fundi."