Ujira wa Neli

Mwaya, 1916

Dada Felista, ugonile. Mwanangu anaota meno, hanipi usingizi.

Mdogo wetu Neli uliyeniachia, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfulia nguo mwenye duka. Alilipwa rupia za karatasi za Wadachi. Wenzake walinunua shanga; mimi nikamwambia, "Weka." Akaweka. Sasa Wadachi wamekimbia, Waingereza wameingia, na dukani wanamwambia karatasi zake akawashie moto.

Alizitandaza mapajani pangu. "Dada, mwenzangu Angetile shanga zake bado anazo."

Nikachukua chungu cha Ikombe, nikakijaza mpunga, nikampa. "Huu ndio ujira wako. Karatasi nipe mimi." Usimwambie kwamba ghala letu limebaki nusu, na kwamba mume wangu, waliyemchukua kubeba mizigo ya vita, hajarudi.

Jana alinirudishia chungu, nusu yake bado imo. "Dada, niwekee. Mbegu ya mvua."

Nimekifunika, nimekipandisha kichanjani. Lakini mtoto akilia njaa, najua mkono wangu utakwenda wapi. Kama una mpunga, dada, niletee kabla sijakigusa.

Ndaga fijo, nakushukuru sana.

Mdogo wako,
Veronika