Bafta ya Gharib bin Athman

Malindi, 1986

Mwaka umetimia, Baba Mahdi, tangu alfajiri ile ulipotutoka, na duka lingali wazi. Naandika mimi Mwanasiti, mkeo, kwa niaba ya nyumba yote. Niwie radhi, nimechoka.

Mungu alikupa, nawe hukuficha. Ulikuwa na duka la nguo, shamba la minazi na nyumba mbili za kupangisha, lakini kanzu zako za kushindia zilikuwa mbili tu, moja ina kiraka nilichokitia mwenyewe. Nikikuteta ulicheka, ukaniuliza ni nani aliyewahi kwenda kaburini na mnazi wake.

Jora la bafta ulilikalisha rafu ya chini, karibu na mkono wako. Aliyefiwa, awe wa mjini au wa Jilore, Mwislamu au asiyekuwa, alikatiwa sanda bila ya kulipa. Hukuuliza nani kafa wala kafaje. Ulisema mfiwa ana maswali yake ya kumtosha. Ulikata, ukakunja, ukampa mkono wa pole, ukarudi kwenye kahawa yako.

Ulipoondoka, waombaji walizidi. Wallahi walizidi. Kuna mmoja alikuja akilia kwamba mamake amefariki. Siku ya tatu nikamwona sokoni kavaa kanzu mpya ya bafta, na mamake yuko ubavuni mwake, mzima, anauza mchicha. Nilighadhibika. Nikatoa amri dukani: hapana sanda bila ya barua ya chifu. Mwanao Mahdi akasema nimefanya vyema.

Ndipo akaja Sidi, binti Karisa wa Jilore, amefiwa na mwanawe wa siku tisa. Nikamwagiza barua. Hakubisha. Alikwenda hadi ofisini, akaambiwa chifu yuko barazani. Akangoja mpaka jua likapinda, na maiti haingoji. Mtoto akazikwa ndani ya leso ya mamake.

Kesho yake alirudi, akaniamkia shikamoo, akaiweka barua mbele yangu. Nikachukua mkasi.

"Sikuja kuchukua nguo, mama," akasema. "Nimeleta barua, usije ukaniona mwongo."

Akaondoka, nami hata pole sikumpa.

Sharti la barua nimeliondoa. Tunakata tena, kwa mkweli na kwa mwongo. Lakini usidhani nina moyo wako, Gharib. Natoa huku nanung'unika, mgongo unaniuma, na kila jioni Mahdi ananishauri tufunge. Kwako kutoa kulionekana kwepesi. Mimi kila yadi naihisi. Sikujua ulikuwa ukifanya kazi kubwa hivyo, nami nikikuteta.

Khitma yako itasomwa Ijumaa baada ya Alasiri, hapa nyumbani, wote mnakaribishwa. Asubuhi yake nitakuwa Jilore kwa Sidi, kumwomba msamaha. Mahdi alitaka nichukue sukari na doti ya leso. Nimekataa. Nakwenda mikono mitupu, maana kitu alichokitaka kwangu kilikuwa na siku yake, na siku hiyo imepita.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo, wanao Mahdi na Khamisa, nduguyo Jaafar, na wajukuu wako wote. Mola akulaze pema. Maadamu tu hai, hutosahaulika.