Kijiti cha Mstari wa Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti
Kazi imekwisha! Mipira imelazwa shamba zima, kila mche wa nyanya una kitundu chake cha kudondosha maji. Fundi amechomeka kijiti kimoja cha kupima unyevu kwenye mstari wa kwanza, karibu na dirisha la chumbani, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Udongo ukikauka, kijiti kinahisi, bomba linafunguka lenyewe. Ukilowa, linajifunga. Sisi kazi yetu kutazama simu tu.

Baba Watoto alifuatilia yote kitandani, mto mgongoni. Tangu apasuliwe uti wa mgongo, daktari hataki hata kusikia akitaja jembe. Siku atakayoinama tena kuchimba mifereji, alisema, huenda asiinuke. Nilikuwa nalala na hofu hiyo. Leo nimeshusha pumzi.

Mama mkwe kaguna. Matone hayo, kasema, hata kuku hayamkati kiu.

Alhamisi, 7 Agosti
Sielewi. Simu inasema udongo umelowa. Mstari wa dirishani kweli umependeza, lakini kule ndani majani yamelala. Bomba halijafunguka tangu juzi. Nimempigia fundi — nivute subira, mtambo haudanganyi. Haudanganyi!

Baba Watoto sijamwambia. Akiwa kitandani anauona mstari mmoja tu, anafurahi. Nimecheka naye.

Ijumaa, 8 Agosti
Amejikongoja hadi mlangoni kuota jua, akaona shamba lote. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kesho anachukua jembe, anafungua mifereji yake ya zamani, na mitambo watajuana nayo wenye nayo. Nikamwambia utavunjika. Akasema nyanya zikifa tutavunjika sote. Kichwa ngumu! Nimekasirika hadi machozi. Fundi ameapa kuja alfajiri.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimecheka hadi mbavu zinauma, kisha nikalia kidogo. Sasa niandike.

Nilitoka mapema kumngoja fundi. Nani namkuta mstari wa dirishani? Mama mkwe, ndoo mkononi, anamwagilia mche baada ya mche. Na kile kijiti kakimiminia kuliko mche wowote. Mama, hata hicho? Kasema nacho kinasimama juani kutwa, kina kiu. Kumbe kila alfajiri! Kijiti kinalowa, kinadhani shamba zima limeshiba, bomba linabaki limefungwa ndi.

Fundi alifika, akaanza kufoka. Nikamkata jicho. Nikamuuliza Mama polepole, kwa nini mstari huu tu? Akatazama chini. Kasema mikono yake haina nguvu za shamba zima, akaona bora anyweshe miche ambayo mwanawe anaiona, asije akalifikiria jembe.

Nikampokea ndoo.

Fundi amehamishia kijiti katikati ya shamba, akakiwekea waya mrefu wa kushika mtandao. Hata chai hajaimaliza, bomba likafunguka lenyewe. Baba Watoto kasikia maji yakipita, kasema atangoja siku moja. Moja tu.

Jumapili, 10 Agosti
Majani yameinuka! Si yote, ila yameinuka. Mama kazunguka shamba akigusa udongo, kisha kanyamaza. Kwake hiyo ni sifa. Mimi nimejisikia mwepesi, nimefua hadi mapazia.

Baba Watoto kaona, kafurahi, lakini bado anataka mfereji mmoja wa akiba. Mdogo tu, anasema. Nikakimbilia stoo kulificha jembe — halipo. Nikadhani kashalichukua. Mara namsikia uani anauliza jembe lake liko wapi.

Mama yuko chumbani kwake, kakaa kitandani, kanyoosha miguu. Anamjibu kwamba siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Mpini umechungulia chini ya kitanda.

Sasa Baba Watoto ananiita mimi. Nimekaa hapa sakafuni karibu na Mama, naandika. Nimeusukuma mpini ndani kwa mguu. Anaita tena.