Kufuli kwenye Koki ya Bi Zuhura

Jumamosi, 12 Oktoba

Wapangaji wenzangu, makamanda wa ndoo na madumu, adui hayuko nje ya geti. Adui tunaishi naye humu humu! Nayaandika kama nilivyoyatamka alasiri hii uani, nikiwa juu ya tofali. Yalinoga. Sitaki yapotee.

Bomba la bafuni nimeliacha wazi, ndoo chini yake, kama kila siku. Maji yakija nitayasikia. Kavu mpaka sasa.

Hoja yangu, kama mwenyekiti wa wapangaji, ilikuwa nyepesi. Tangu mgao wa maji uanze, pampu hujaza tanki la juu asubuhi, na kabla ya adhuhuri jengo zima limekauka. Kuna anayeyafuja. Nikanyoosha kidole kwa Bi Zuhura wa nyumba ya chini. Binti yake Salma amejifungua majuzi. Masufuria yanachemka kutwa, nepi zimejaa kamba nzima.

Bi Zuhura hakuinuka hata kwenye kigoda chake. “Mwenyekiti, mzazi anakandwa kwa maji ya moto. Hakandwi kwa hotuba.”

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile kiliniingia hadi kwenye mfupa. Papo hapo nikatoa azimio: koki ya uani inayopeleka maji kwake ifungwe kwa wiki moja, apewe ndoo mbili kwa siku, nimjazie mimi mwenyewe. Mikono ikanyooka. Nikatia kufuli, ufunguo nikautia mfukoni.

Nilijihisi mrefu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimetoka maktaba ya chuo jioni, sikukuu au la. Ndoo yangu imejaa, bomba limekwisha kukauka. Jengo nalo kavu tangu kabla ya adhuhuri, ingawa koki ya Bi Zuhura imefungwa.

Akili timamu ingejiuliza. Yangu ilitafuta njama. Nimewaambia watu ngazini kwamba yule mama anachotewa kwa siri na jirani wa ghorofa ya kwanza. Sina ushahidi. Nilisema kwa sauti kubwa, wakaamini.

Ndoo mbili nimezifanya moja.

Jumanne, 15 Oktoba

Mhadhara wa asubuhi uliahirishwa. Nikarudi mapema.

Niliyasikia nikiwa bado nje ya mlango, nikitafuta funguo. Maji. Yanatoka kwa nguvu. Ndoo imefurika, sakafu inametameta, na yote yanaingia kwenye tundu la bafuni kwa utulivu kabisa.

Nani mjini hapa asiyeacha bomba wazi wakati wa mgao? Lakini wenzangu huacha bomba wakabaki nyumbani kulisikiliza. Mimi huliacha, nikapanda gari kwenda chuo kujadili haki ya wanyonge. Tangu kaka ahamishiwe Dodoma ninaishi peke yangu. Hakuna masikio mengine humu. Kila jioni nilikuta ndoo imejaa, nikaona ni bahati.

Nimelifunga bomba. Nimekausha sakafu kwa shati langu.

Adui wa jengo ni mimi.

Sijamwambia mtu. Kufuli liko palepale. Naogopa kicheko kile.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maji yamekaa jana hadi magharibi. Leo pia.

Nimekutana ngazini na Mzee Mapunda, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili. Shikamoo. “Marahaba, kamanda! Unaona? Ulipombana tu, maji yametulia. Sasa sie tunasema wiki haitoshi. Mfanye mwezi.”

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu na kumshukuru.

Ndivyo ilivyo: nimefunga bomba langu kimya kimya, na faida yake imegeuka kuwa hatia ya Bi Zuhura. Uongo wangu sasa unatiririka katika kila bomba la jengo hili. Najichukia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Salma. Nimemwona kutoka dirishani akivuka barabara na dumu la maji kutoka jengo la jirani. Mzazi ambaye arobaini yake bado. Anatembea hatua chache, anatua, anashika ukuta.

Nilishuka mbio. Nikanyoosha mkono nimpokee.

“Acha tu, kaka. Watu wakiona umenisaidia watasema nimekuhonga.”

Nyuma yake, mlangoni, Bi Zuhura na kichanga begani: “Mwache Mwenyekiti, Salma. Ana mkutano huyo.”

Salma alijaribu kucheka. Akakaa kwenye ngazi, kisha hakuweza kuinuka. Damu imeanza kumtoka tena. Tulimwitia bajaji, wakaenda zahanati, nami nikabaki uani nimeshika dumu lao.

Wamerejea jioni. Nesi amesema alale, asibebe chochote, na aoshwe vizuri asubuhi na jioni. Kwa ndoo yangu moja.

Sikungoja maelezo zaidi. Nilikwenda kwenye koki, nikafungua kufuli. Hakuna aliyeniona. Hata hilo nililifanya kwa kujificha.

Jumamosi, 19 Oktoba

Asubuhi nilibisha kwa Bi Zuhura. Nikamwamkia, nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimeandaa utangulizi, hoja, hitimisho. Yote yakanitoka. Nikasema: maji niliyamaliza mimi. Bomba langu.

Alikuwa akimimina maji ya moto kwenye beseni. Hakuacha. Alipomaliza ndipo aliponitazama.

“Ulinisema uani, baba, mbele za watu. Leo umekuja kuninong’oneza sebuleni.”

Mimi, ninayejibu maprofesa, nikageukia mlango.

“Haya, nenda. Maji yatapoa.”

Nimepita mlango kwa mlango, ghorofa zote, kuita mkutano. Mzee Mapunda aliuliza kama ajenda ni kuongeza adhabu. Nikamwambia ndiyo, ipo adhabu ya kujadili. Akasema atawahi.

Bomba la bafuni limefungwa. Chini sauti ya beseni inasikika, na mtoto analia kidogo, ananyamaza.

Wapangaji wenzangu: kesho Jumapili, saa kumi alasiri, uani, penye kamba ya nepi. Tofali nimekwisha kuliondoa.