Soya Zilizokataa Vinundu

Jumatatu, 3 Novemba 1958
Tumeng'oa soya. Mikebe sitini na nne. Arobaini na saba mizizi imejaa vinundu kama shanga, nyumba za bakteria wanaolisha mmea. Kumi na saba – mizizi mitupu, majani ya njano! Bwana Harker hakungoja: "Lazarus, wewe hapana tia bakteria." Nilitia! Kijiko kimoja kila mkebe, kwa mkono huu huu. Anasema ataandika barua nifutwe kazi.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepitia daftari la mbegu. Bwana alichanganya uzazi wa soya yetu na aina moja ya ng'ambo. Watoto wote walikuwa na vinundu. Hawa tuliong'oa jana ni wajukuu – na karibu robo hawana. Robo! Kwenye kozi tulifunzwa sifa ya mzazi mmoja hujificha kwa watoto, ikatokea kwa mjukuu mmoja kati ya wanne. Mizizi ya ile ya ng'ambo hakuna aliyewahi kuitazama.
Nikamweleza Nyokabi wa Kinoo, anayeosha vyombo vya maabara. Akasema nipande zote mbili, yetu na ya ng'ambo, mkebe mmoja, maji mamoja. "Hapo Bwana atasemaje ulinyima moja bakteria?"

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwomba Bwana nijaribu hivyo, nikamweleza hesabu ya robo. Kanipa wiki tano. Mikebe kumi na miwili mipya, nimeitoa madukani River Road. Bakteria katia yeye mwenyewe, akafunga banda la vioo, ufunguo mfukoni. Sawa.

Alhamisi, 20 Novemba
Zote kijani. Zote!
Barua ya Philister, mke wangu, kutoka Butere. Mahindi mafupi tena, shamba limechoka. Anauliza hiyo soya inayolisha udongo itafika kwetu lini. Sijamwambia habari ya kufutwa.

Jumatano, 3 Desemba
Njano! Kila mkebe, mche mmoja tu.

Alhamisi, 11 Desemba
Bwana ameng'oa mwenyewe, akaosha mizizi mwenyewe. Mkebe wa kwanza: yetu vinundu tele, ndani vyekundu kama nyama. Ya ng'ambo, mizizi mitupu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, hata wa saba. Akaketi. Akaniuliza ile hesabu ya robo, nikairudia polepole. Barua ya kunifuta hajaitaja.
Sasa amekwenda kumwita mkubwa wake. "Wewe tasema, Lazarus. Si mimi."
Naandika nimesimama, mikono ina tope. Nyokabi ananivalisha koti jeupe la Bwana, mikono mirefu kupita yangu, anaikunja. Viatu kwenye kokoto – zaidi ya watu wawili