Flashi ya Kwenda Mlimani

Jumanne, 8 Aprili 2025
Mvua tangu alfajiri. Mama yake Eufrazia, jirani yangu hapa Kihonda, alifariki jana. Mazishi Jumamosi, saa nane mchana. Kaka pekee wa marehemu, Bonifasi, yuko nyuma ya mlima, analala dunguni kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Simu haishiki huko. Njia ya kutoka kijijini hadi kwake imeporomoka, hafikiki. Redio anayo. Akisikia, atashukia upande wa pili, atokee barabara kuu, Mikese. Siku nzima kwa miguu, labda zaidi.

Redio inayoshika huko ni moja tu, ya kijijini. Kimya tangu Jumapili: umeme ulikatika ghafla, na uliporudi kompyuta yao, bodi moja ndogo kama pakiti ya sigara, haiwaki tena. Sauti yote inapita humo. Mimi ndiye niliyewafungia. Lazima niandae flashi ya kuiwekea mfumo upya.

Eufrazia hakulia. Dada, kwetu Waluguru mjomba ndiye ukoo, alisema. Nimzike mama kama mtu asiye na kwao?

Jumatano, 9 Aprili
Bando lilikatika nikipakua mfumo, faili likiwa asilimia tisini. Nikaanza upya. Jioni nimejaribu flashi kwenye bodi yangu, ndugu wa ile ya kule. Giza! Nilipakua faili la kompyuta za kawaida. Kosa langu, na siku imekwenda. Miaka thelathini ya uhariri nahakiki habari za wengine, faili langu sikulihakiki.

Alhamisi, 10 Aprili
Faili sahihi. Nimelinganisha tarakimu zake za uhakiki na zile za tovutini, ya kwanza hadi ya mwisho. Flashi imewaka, menyu ikaja. Saa nne nikamkabidhi Yusuph wa bodaboda, ikiwa ndani ya nailoni, aipeleke redioni. Isilowe, nilimwambia. Sikumwambia zaidi.

Alasiri Filomena, mtangazaji wao, kapiga simu. Mashine haioni kitu. Nikamwambia aifungue flashi kwenye kompyuta nyingine. Kuna nini? Singeli, akasema. Nyimbo mia mbili na kumi na nne. Akacheka. 

Kumbe Yusuph aliichomeka kwenye redio ya pikipiki — kimya. Akadhani nimeuziwa kimeo, flashi mbovu. "Nikapita kibanda cha kuuza nyimbo, mama, jamaa akaisafisha, akanijazia ngoma kali. Nisikuaibishe kwa watu."

Ijumaa, 11 Aprili
Flashi ya pili. Safari hii kwenye mfuko wa koti langu, nami nyuma ya Yusuph. Tope hadi magotini. Tumefika redioni saa sita na robo. Imewaka. Dakika arobaini na tano kuweka mfumo.

Saa saba na dakika kumi Filomena akasoma: Bonifasi popote alipo, dada yake amefariki, mazishi kesho saa nane mchana, Kihonda, anasubiriwa. Atarudia kila nusu saa.

Kwa mwendo wake wa kawaida, amechelewa. Akitembea usiku kucha, labda.

Wakati wa kurudi Yusuph hakupiga muziki. Mama, nimemkosesha mtu mazishi? Nikamwambia: siku moja nimeipoteza mimi, moja wewe. Tugawane.

Jumamosi, 12 Aprili
Naandika makaburini. Saa nane imepita. Oscar, mume wa Eufrazia, yuko Mikese tangu asubuhi, anaangalia kila anayeshuka mlimani. Nimempigia mara tatu. Bado.

Saa nane na nusu wameteremsha jeneza. Padre ana mazishi mengine. Wazee wamenong'ona: barabara mbaya, mjomba ataelewa. Mmoja akamwambia Eufrazia, mwanangu, mvua hiyo inakuja. Ije, baba, akajibu. Mimi si chumvi.

Akaenda kukaa juu ya lundo la udongo. Kanga mbili, miguu kainyoosha. Vijana wameshika makoleo, wanatazamana. Hakuna wa kuchota alipokaa yeye.

Saa tisa na dakika kumi. Matone ya kwanza. Padre amefunika kitabu chake kwa mkono. Simu ya Oscar haipatikani. Eufrazia bado amekaa, anamsubiri mjomba.